Mkondo A, mkondo D na fomu ya darasa la tisa

Fomu yenyewe niliiona Februari 2022, imekunjwa mara nne ndani ya begi la shule, imelowa kidogo kwa maji ya chupa. Binti yangu alikuwa darasa la nane hapa Houston na Agosti ile angeanza sekondari, ambayo Marekani huanzia darasa la tisa mpaka la kumi na mbili. Alikuwa amekaa nayo siku tisa. Akanipa nikiwa nimeshavaa viatu vya kazini, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango.

"Baba, mwisho kesho."

Masomo makuu yalikuwa manne: Kiingereza, aljebra, biolojia, jiografia ya dunia. Mbele ya kila somo visanduku viwili. Kimoja kimeandikwa honors, darasa la juu kwa maneno ya nyumbani kwetu, kingine darasa la kawaida. Hakuna mtihani wa kuingilia. Unatia tiki, mzazi anasaini, basi. Nikaigeuza karatasi kutafuta masharti. Nyuma palikuwa peupe.

Niseme kwanza mimi ni nani, la sivyo mtashangaa kwa nini karatasi moja ilinifanya nichelewe kazini. Kabla ya bahati nasibu ya Green Card kutuleta huku 2019, nilikuwa mwalimu wa hisabati Iringa, shule ya sekondari ya kata. Niliingia kazini na lile kundi lililoitwa vodafasta, kidato cha sita na mafunzo ya wiki chache, halafu nikajiendeleza. Huku nabeba boksi. Watanzania wa ughaibuni kazi yoyote tunaiita kubeba boksi, ila mimi nabeba boksi kweli, kwenye ghala, shifti ya usiku. Kwenye jumuiya bado wananiita Mwalimu, na mke wangu naye huniita hivyo akitaka kunichokoza.

Kule Iringa, kila Januari, vidato vya kwanza wakisharipoti tuliwapa jaribio la siku moja. Tunasahihisha usiku, asubuhi mimi na mwalimu wa taaluma tunakaa na orodha ya majina mia sitini na ushee, tunapiga mistari mitatu kwa kalamu nyekundu. Arobaini wa juu mkondo A, wanaofuata B, kisha C, wanaobaki D. Chai ya saa nne ikifika, orodha iko kwenye ubao wa matangazo na watoto wamejazana wanatafuta majina yao kwa vidole. Mkondo A walipata madawati mazima na hisabati za asubuhi. Mkondo D walipata hisabati saa nane mchana, jua la utosi, tumbo tupu, na mwalimu akiumwa basi kipindi kinachokufa ni chao.

Na lile jaribio tulilitunga kwa Kiingereza. Watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, wamefunga shule ya msingi juzi, tunawawekea mzingo na eneo kwa lugha waliyoisikia kwenye somo moja tu. Tulikuwa tunapima Kiingereza na kuandika juu ya karatasi kwamba tumepima hisabati. Siku moja, mkondo D, nimeona macho yote yamepoa, nikaacha Kiingereza. Nikasema shamba lina urefu mara mbili ya upana, ukilizunguka unatembea mita 72, upana wake ngapi? Msichana wa dawati la nyuma akasema kumi na mbili. Chaki yangu ilikuwa bado haijagusa ubao. Kwenye jaribio yule alikuwa amepata 11 kwa 100. Nikaenda kwa mwalimu wa taaluma kuomba ahamishwe. Akasema orodha imeshabandikwa, ukimgusa mmoja kesho wazazi kumi wako mlangoni. Nikakubali. Sikubishana hata dakika mbili, na sababu mojawapo ni kwamba kulikuwa na chai.

Sasa mtu huyo ndiye aliyekaa meza ya jikoni Houston na visanduku vinane mbele yake.

Hesabu ya visanduku hivyo nilikuwa nayo tayari, kwa sababu kaka mmoja wa jumuiya alinichorea kwenye kitambaa cha karatasi tukiwa harusini. Kwenye wilaya yetu ya shule, A ya darasa la kawaida ina uzito wa 4, A ya darasa la juu ina 5. B ni 3 kule, 4 huku. C ni 2 kule, 3 huku. Mwisho wa yote wanafunzi wanapangwa kwa wastani, wa kwanza mpaka wa mwisho, na hapo ndipo Texas inapotofautiana na majimbo mengi. Kuna sheria ya 1997, iliyotungwa baada ya mahakama ya rufaa kuzuia vyuo visiangalie rangi ya mwombaji. Inasema aliye kwenye asilimia kumi ya juu ya shule yake anachukuliwa na vyuo vikuu vya umma vya jimbo moja kwa moja. Iwe shule ya matajiri au ya mtaa wetu wenye maghorofa ya wakimbizi, asilimia kumi ni asilimia kumi. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin pekee kiliruhusiwa kubana zaidi kwa sababu kinafurika, na wakati huo kilikuwa kinachukua asilimia sita.

"Kwa hiyo Mwalimu," yule kaka akasema, "mtoto asipochukua madarasa ya juu, hata akipata A tupu, wenzake wanampita wamelala."

Nikatia tiki nne. Zote upande wa juu. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Akasema Kiingereza angependa cha kawaida, na jiografia pia, kwa sababu atakimbia mbio za nyika na mazoezi ni kila asubuhi saa kumi na mbili. Nikamwambia mwanangu, usijishushe. Mama yake alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka.

"Hiyo fomu ya nani?"

"Ya shule."

"Nimeuliza ya nani."

Nikasaini nikaenda kazini, na njia nzima nilijisikia mtu aliyelipa deni. Niliona nimemtoa mtu mkondo D. Nilichelewa sana kugundua kwamba niliyemtoa hakuwa binti yangu.

Agosti ilipoanza nilidhani mambo yanakwenda. Nikirudi saa kumi na moja alfajiri namkuta mezani, kalamu imechora mstari wa wino shavuni, ripoti ya maabara ya biolojia imefika nusu. Namwamsha, anaoga, anakimbia, anaingia darasani. Nikawa nasimulia ghalani kwa fahari kwamba mtoto wangu anasoma mpaka alfajiri. Baba yangu angesimulia hivyohivyo.

Mwisho wa Septemba ikaja ripoti ya kwanza. Aljebra 98. Biolojia 84. Jiografia 79. Kiingereza 61, na kufaulu huku kunaanzia 70.

Ukitaka kujua kwa nini sikushtuka mapema, sababu ni sheria nyingine ya Texas, ya 1984, ambayo watu huiita asiyefaulu hachezi. Mwanafunzi akiwa chini ya 70 kwenye somo lolote anawekwa kando ya michezo wiki tatu au zaidi. Lakini wilaya zinaruhusiwa kuyasamehe masomo ya juu, ili watoto wasiyakimbie kwa kuogopa kukosa mechi. Nia njema kabisa. Kwetu matokeo yake yalikuwa kwamba kocha hakuwa na sababu ya kunipigia simu. Angekuwa darasa la kawaida na ile 61, tungejua siku ileile.

Nilipomuuliza, hakulia. Aliongea polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno kwa wiki kadhaa. Mle darasani, alisema, wenzake walikuwa wamesoma vitabu viwili likizo nzima. Kazi ya kwanza ya mwaka ilikuwa insha juu ya vitabu hivyo. Yeye alipata sifuri, halafu akatumia wiki zote zilizofuata kufukuza kitabu cha jana huku wenzake wako cha kesho.

"Vitabu gani? Nani aliwaambia?"

Walituma barua pepe Juni. Kwangu. Kwenye anwani niliyofungua kwa ajili ya viza, ambayo hata nywila yake nilikuwa nimeisahau. Jumamosi ile nilikaa saa nzima kuirudisha. Nikakuta barua 214 za shule hazijafunguliwa. Ile ya vitabu ilikuwa fupi, ya kirafiki, ina picha ya jua lililovaa miwani.

Tukaenda kwa kaunsela, wote watatu. Mshauri wa wanafunzi mwenyewe alikuwa mdada mdogo, mbele yake kikombe cha kahawa iliyopoa, akatuambia ana wanafunzi zaidi ya mia nne na muda wa kuhama kutoka darasa la juu kwenda la kawaida unaisha Ijumaa. Nikaanza kueleza historia yangu ya ualimu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia binti.

"Wewe unataka nini?"

Nilifungua mdomo nijibu. Mama yake akanikanyaga chini ya meza, na nilikuwa nimevaa kandambili.

"Kiingereza nishuke," akasema. "Jiografia nishuke. Biolojia nibaki, naipenda. Aljebra..." akainua mabega. "Aljebra ni rahisi tu. Nilisoma Iringa."

Hapo mimi, mwalimu wa hisabati, ndipo nilipoamka. Miezi minane nilikuwa napigania tiki ya Kiingereza na jiografia, wakati jambo lenye uzito lilikuwa limeshapita mbele ya pua yangu miaka mitatu nyuma. Nikamuuliza kaunsela, wenzake wazuri wa hisabati mwaka huu wako wapi? Akasema wako jiometri. Aljebra ya kwanza waliimaliza darasa la nane.

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu wazazi wengi wa jumuiya hawalijui, na madarasa ya lugha na historia yanawapotezea macho kama yalivyonipotezea mimi. Kiingereza unaweza kushuka mwaka huu na kupanda mwakani, hakuna anayekuzuia. Hisabati ni ngazi. Aljebra ya kwanza, jiometri, aljebra ya pili, maandalizi ya kalkulasi, kisha kalkulasi. Vipandio vitano, miaka minne. Anayeanza kipandio cha kwanza darasa la tisa hafiki juu mpaka aruke au apande viwili kwa mpigo. Kwa hiyo anayetaka uhandisi, uamuzi wake halisi haukufanywa kwenye fomu ya darasa la tisa. Ulifanywa darasa la sita, mtoto alipopangiwa hisabati za mbele au za kawaida.

Na darasa la sita sisi tulikuwa tumeshuka kwenye ndege wiki tatu. Shuleni nilipewa karatasi inayouliza lugha gani huzungumzwa nyumbani. Nikaandika Kiswahili kwa herufi kubwa, kwa majivuno. Kutokana na jibu hilo akapimwa Kiingereza, akapewa msaada wa lugha, jambo zuri na la haki yake, na ratiba iliyobaki ikajazwa madarasa ya kawaida, hisabati ikiwemo. Hakuna aliyenikatalia kitu. Sikuuliza, wala sikujua kwamba kuna cha kuuliza. Machi iliyofuata korona ikafunga shule na kila mtu akasahau kila kitu. Mtoto aliyejua kutafuta eneo la trapeza alikaa mwaka mzima akijumlisha sehemu, kwa sababu alikuwa bado anasitasita kwenye sentensi. Mkondo D kabisa, ila hakukuwa na ubao wa matangazo wala mtu mwenye kalamu nyekundu wa kumlaumu.

Siku hizi Texas wamebadilisha. Sheria ya 2023 inazitaka shule zimwingize moja kwa moja kwenye hisabati za mbele, darasa la sita, kila mtoto aliyefika asilimia arobaini ya juu kwenye mtihani wa jimbo wa darasa la tano. Mzazi asiyetaka ndiye anayeandika kukataa. Wamegeuza swali, na mimi naona wamefanya la maana kuliko hotuba nyingi. Lakini mtoto anayefika na ndege baada ya mtihani huo, kama wangu, mzazi wake itabidi aulize kwa mdomo wake mwenyewe.

Tulichofanya: darasa la kumi alichukua jiometri na aljebra ya pili kwa pamoja. Nilimsaidia mwenyewe, Jumapili mchana, kwa Kiswahili, kwenye karatasi za nyuma ya boksi nilizotoa ghalani. Huo ndio muda mzuri kuliko wote niliokaa na huyu mtoto tangu tufike.

Na yale madarasa ya kawaida? Nisiyapambe. Kiingereza cha kawaida kilifundishwa na bibi mmoja aliyekaribia kustaafu. Kila Jumatatu ukurasa mmoja wa maandishi, kila Jumatano unarudi umejaa wino. Binti yangu alikuwa na wiki mbili tu mle nikaona sentensi zake zinanyooka. Jiografia ya kawaida ilikuwa hasara tupu. Mwalimu wa kudumu aliondoka Novemba, wakaletwa wa muda, watoto wakawa wanaonyeshwa video, theluthi ya darasa imelala na theluthi iko kwenye simu. Alimaliza na 97 na sidhani kama alijifunza chochote. Tiki mbili za namna moja, siku moja, saini moja. Kwenye karatasi ya alama zinaonekana mapacha.

Yule bibi ndiye aliyempandisha. Mwezi wa tatu alimwandikia kaunsela kwamba mwakani huyu aende Kiingereza cha juu, na kabla ya likizo akampa binti orodha ya vitabu mkononi, siyo kwa barua pepe. Darasa la kumi alipata B mle. B ya juu ni 4, sawasawa na A ya kawaida, lakini safari hii alikuwa anabishana na watu mezani kuhusu wahusika wa tamthilia, na mdogo wake anamwomba anyamaze.

Hesabu, bila shaka, nimeendelea nazo. Mwisho wa darasa la kumi na moja alikuwa wa 34 kati ya wanafunzi 612. Chukua kalamu: hiyo ni asilimia tano na nusu na kidogo. Kwa asilimia sita ya Austin yumo. Septemba 2024, akiwa ndiyo kwanza ameanza darasa hilo la kumi na moja, chuo kilitangaza kwamba kwa watakaoingia 2026 kinabana hadi asilimia tano. Watakaoingia 2026 ni yeye na wenzake. Thelathini wa kwanza wamo, wa thelathini na nne nje.

Nilikesha usiku mmoja wa mapumziko nikikokotoa. Kama angebaki jiografia ya juu na bado akapata A, angepata pointi moja ya ziada, ukiigawa kwa masomo ishirini na kitu unapata kama 0.04, je angewapita watu wanne? Kama angebaki Kiingereza na C, si angeshuka? Mke wangu akaja akakuta karatasi mezani, akazisoma moja moja, akazipanga vizuri, akazitia kwenye pipa la takataka.

"Mwalimu," akasema. "Kalale."

Austin hajapata njia ya moja kwa moja, ameomba kama wengine. Chuo kingine cha umma kimeshamchukua kwa ile sheria ya asilimia kumi. Fani ya uhandisi wenyewe bado anasubiri barua, kwa sababu sheria inakufungulia mlango wa chuo, siyo wa fani, na hilo nalo hakuna aliyenichorea kwenye kitambaa. Wala hakuna aliyeniambia mapema kwamba njia hiyo ya moja kwa moja inadai aljebra ya pili. Kijana mmoja wa jumuiya aliambiwa na rafiki zake aiache achukue kitu chepesi, na alikuwa wa kumi na tisa kwenye shule yake. Waliokoa jahazi kwa masomo ya kiangazi.

Jumanne iliyopita fomu nyingine imeingia nyumbani. Ya mdogo wake, darasa la nane. Huyu alianza shule hapahapa, Kiingereza kinamtoka kama maji, hisabati yuko mbele, na kwa uvivu hana mpinzani. Visanduku vilevile. Nilikaa nayo mezani, nikatoa kalamu, nikaiweka chini. Yeye akavuta kiti, akaniuliza kitu ambacho dada yake hakuwahi kuniuliza.

"Baba, kule Iringa wale wa D uliwajuaje kwamba ni D?"

Nikamwambia habari ya shamba la mita 72. Alifikiri kidogo, akasema kumi na mbili, akauliza yule msichana aliishia wapi. Nikasema sijui, na ni kweli, sijui hata jina lake la ukoo. Dada yake akachukua fomu mezani, akamshika mdogo wake bega, wakaingia chumbani wakafunga mlango. Nilisikia wanabishana, halafu wanacheka. Saa yangu ya kazi ikawa imefika.

Niliporudi alfajiri fomu ilikuwa kwenye friji, imebanwa na sumaku. Tiki tatu juu, moja chini, zimetiwa kwa penseli. Mahali pa saini ya mzazi pameachwa wazi, na kalamu imewekwa juu ya friji.